Kujifunza mwenyewe kutengeneza aplikasio za telefone: mambo kijana wa Base ya Kamina anapashwa kujua mbele ya kuanza

Ku Base ya Kamina, kijana mwenye telefone ya Android yuko tayari na sehemu ya kwanza ya chombo cha kazi. Ni kweli, na njo hiyo kweli inadanganya watu wengi. Kwa kuwa telefone iko mukononi, mutu anazania miezi mitatu itatosha, kisha startapu, kisha pesa. Mambo haiendake hivyo. Kuandika kode mutu anaweza kujifunza peke yake, hata hapa kwetu, bila diplome ya iniversite. Vitu vinavyoangusha watu ni vingine: kurant, mega, na zaidi ya yote kupoteza mwaka muzima ukitengeneza kitu ambacho hakuna mutu aliyekihitaji.

Base yetu si ngeni kwa mafunzo ya ufundi. Wabeljika walianza kuijenga kisha vita ya pili ya dunia, na toka 1953 mpaka 1960 marubani wa jeshi la Ubelgiji walikuja kumalizia masomo yao ya kuruka hapa, na ndege za Harvard. Wakati ule, ili kujifunza ufundi mukubwa, ilibidi kuwe uwanja, hangari, na walimu kutoka Ulaya. Leo masomo ya aplikasio yanaingia ndani ya kadi ndogo ya memware. Lakini kazi ya kuyachimba inabaki ile ile.

Aplikasio inaandikwa na nini

Aplikasio ni maagizo yaliyoandikwa katika lugha ambayo telefone inaweza kufuata. Kwa Android, zamani watu waliandika kwa Java. Mwaka 2017 Google ilitangaza kwamba inakubali pia Kotlin, na leo Kotlin njo imetangulia. Kwa iPhone ni Swift. Kuna pia njia za kuandika mara moja na kupata aplikasio ya Android na ya iPhone pamoja: React Native, ambayo Facebook iliifungulia watu wote mwaka 2015 na inatumia JavaScript, na Flutter ya Google, ambayo toleo lake la kwanza la kudumu lilitoka mwezi wa 12 mwaka 2018 na inatumia lugha inayoitwa Dart.

iPhone tuiache pembeni. Kuchapisha aplikasio kwa Apple kunalipwa dola 99 kila mwaka, tena ni vigumu kufika mwisho bila ordinatere ya Mac. Na ukitembea sokoni Kamina, hesabu mwenyewe telefone za Android na zile za iPhone.

Watu wanaoshindana kwenye WhatsApp juu ya Flutter na Kotlin wanapoteza mega zao. Kwa mutu anayeanza peke yake, mbali na mwalimu, shauri letu ni kuanza na HTML, CSS na JavaScript, ni kusema lugha za kurasa za intaneti. Kwanza, unaweza kuziandika na kuzijaribu kwenye telefone ile ile uliyo nayo. Pili, kitu unachotengeneza kinafunguka ndani ya telefone ya jirani bila kupitia duka lolote. Tatu, ukurasa wa intaneti unaweza kutengenezwa hata utumike bila reso, ukae kwenye uso wa telefone na alama yake, sawa na aplikasio nyingine. Ukishaizoea JavaScript, kuingia React Native ni ngazi moja tu. Mwenye kutaka kwenda moja kwa moja kwa Kotlin ao Flutter aende, si zambi, lakini huyo anahitaji ordinatere toka siku ya kwanza.

Telefone, ordinatere na kurant

Na telefone peke yake unaweza kufika mbali kuliko watu wanavyozani. Kuna aplikasio ya bure inaitwa Acode, ya kuandikia kode kwenye Android. Kuna Termux, inayokupa dirisha jeusi la maagizo sawa na lile la Linux. Ichukue kwa F-Droid, maana ile njo watengenezaji wake wanashauri. Kwa miezi mitatu ao mine ya kwanza hiyo inatosha. Vidole vitauma, skrini ni ndogo, lakini utajua kama kazi hii unaipenda kweli mbele ya kuuza mbuzi juu ya ordinatere.

Siku ya ordinatere ikifika, angalia vitu viwili mbele ya rangi na jina la kampuni. Kitu cha kwanza ni memware ya RAM. Android Studio, programu ambayo Google inatoa bure kwa kutengenezea aplikasio, inaomba giga 8 kwa uchache. Ukitaka pia kufungua ile telefone ya uongo inayoonekana ndani ya skrini, emuleta, ni afazali giga 16. Mwenye giga 8 aiache emuleta. Achukue telefone yake, aingie ku Paramètres, sehemu ya kuhusu telefone, abonyeze mara 7 juu ya numero ya build. Telefone itamwambia sasa ni mutengenezaji. Kisha aruhusu USB na aiunge na kamba. Aplikasio itafunguka ndani ya telefone ya kweli, na ni vizuri zaidi, kwa sababu utaiona inavyokuwa nzito kwenye telefone ya bei ndogo, sawa na zile wateja wako wanabeba.

Kitu cha pili ni batri ya ordinatere yenyewe. Mashine za mukono wa pili zinazofika kwetu zinakuwa mara mingi na batri iliyokufa. Muuzaji anaifungua ikiwa kwenye kurant, kila kitu kinawaka, unalipa, unafika nyumbani, kurant inakatika na mashine inazimika palepale. Mbele ya kutoa makuta, mwambie aichomoe na aiache iwake nusu saa mukiwa munaongea. Akikataa, umeshapata jibu.

Juu ya pano ya jua, hesabu ni hii. Ordinatere ya kubeba ikitumika inakula karibu wati 40. Ukisoma masaa 4 kwa siku, hiyo ni wati-saa 160. Pano ya wati 100, ikipata masaa 5 ya jua kali, kwa karatasi inatoa 500, lakini ukitoa joto, vumbi na nyaya, hesabu 350. Batri ya volti 12 na ampere-saa 50 inabeba 600, lakini kama ni ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 300 za kutumia. Na mashine ya kugeuza kurant ya batri kuwa ya volti 220 nayo inakula yake. Kwa ufupi, pano moja ya wati 100 na batri moja ya kadiri hiyo vinaweza kubeba ordinatere moja, taa mbili na telefone za nyumba. Kufanya frigo na televizio juu yake, hapana. Familia ikijua hesabu hiyo toka mwanzo, magomvi ya jioni yanapungua.

Vijana watatu wanaweza kununua mashine moja kwa pamoja. Hiyo si umaskini tu. Hata katika kampuni kubwa kuna watu wanaotumika wawili mbele ya mashine moja, mumoja anaandika, mwingine anasoma na kuuliza kwa nini. Makosa yanaonekana mapema. Ugumu ni kupatana nani anaibeba usiku, kwa hiyo muandike ile mapatano kwa karatasi.

Mega: shusha mara moja, tumia mara mia

Mwenye kujifunza kwa video za YouTube kila siku atamaliza pesa zake mbele ya kumaliza somo la mafungu, ile vijana wanaita "if na else". Masomo ya kusoma kwa maandishi ni mepesi mara mingi kuliko video, na kwa kode ni mazuri zaidi, kwa sababu unanakili na kujaribu.

Kwa Kifaransa, fasi ya kwanza ya kujua ni OpenClassrooms. Historia yake inahusu kabisa habari hii: ilianza mwaka 1999 kwa jina la Site du Zéro, na aliyeianzisha, Mathieu Nebra, alikuwa mutoto wa miaka 13 aliyechoka na vitabu vya kompyuta ambavyo havikuelewa watu wanaoanza. Akaandika masomo yeye mwenyewe, kwa lugha ya kawaida. Kusoma masomo yake ni bure. Kwa Kiingereza kuna freeCodeCamp, iliyoanza 2014, inayotoa masomo na vyeti bila kulipisha, na CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambayo mwalimu wake David Malan anaifundisha kwa dunia nzima bure. CS50 ni ngumu lakini inajenga. Kiingereza usikiogope: maneno ya kode yenyewe ni ya Kiingereza, na hayapite sana mia moja. Lakini ujumbe wa makosa pia uko Kiingereza, kwa hiyo kidogo kidogo utalazimika kukisoma.

Sasa njo ujanja unaofaa fasi sawa na Kamina. Kuna programu inaitwa Kiwix. Inabeba intaneti ndani ya faili moja: Wikipedia, masomo ya freeCodeCamp, maswali na majibu ya watengenezaji wa programu, vyote vinasomeka bila reso kabisa. Faili zingine ni kubwa sana, za kushusha kwa kadi ya mega hapana. Lakini kila wiki kuna mutu anayetoka Lubumbashi kwa treni ao kwa barabara. Mwenye ndugu kule, fasi reso ni nzuri na bei ya mega haiumize sana, amuombe ashushe Kiwix, Android Studio na vifaa vyake vya kufanyia kazi, aweke kwenye diski, aitume. Diski ya giga 500 ndani ya mufuko wa mutu mumoja inabeba kitu ambacho kingekula mushahara wa mwaka kwa mega. Kumbuka tu kwamba Android Studio mara ya kwanza ya kujenga aplikasio inatafuta tena vipande kwenye intaneti. Jenga aplikasio ya kwanza ungali ku fasi yenye reso, kisha weka ile alama ya kutumika nje ya reso. Watu wengi wanasahau hilo, wanafika nyumbani mashine inakataa.

Jifunze pia Git mapema. Ni programu inayolinda kila hatua ya kode yako, na inatumika bila reso. Siku ukipata reso unasukuma kazi yako yote ku GitHub mara moja, bure, na inachukua mega kidogo sana. Mashine ikiibwa ao kuungua na kurant inayorudi kwa nguvu, kazi ya miezi sita inabaki.

Na zile akili za mashine, ChatGPT na wenzake? Zinasaidia sana kueleza kosa ambalo limekushinda siku mbili. Mutu aliye peke yake hapa hakuwa na wa kuuliza. Sasa yuko naye kidogo. Lakini ukinakili jibu bila kulielewa, siku muteja atasema aplikasio imeharibika na reso haiko, utasimama mbele yake na mikono mitupu.

Utengeneze nini

Kenya, mwaka 2005, Safaricom na Vodafone walijaribu mupango wa telefone pamoja na shirika la mikopo midogo, Faulu. Lengo lilikuwa watu walipe mikopo yao kwa telefone. Watengenezaji wakaangalia na kuona wateja wanafanya mambo mengine: wanatumiana pesa wao kwa wao, wanaweka pesa asubui na kuitoa fasi ingine jioni juu ya kuogopa wezi. Mikopo ikawekwa pembeni. Mwezi wa 3 mwaka 2007 M-Pesa ikafunguliwa na kazi moja tu iliyo wazi, kutuma pesa nyumbani. Kongo iliifikia mwaka 2012 kupitia Vodacom, na leo kabini za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ziko kila kona.

Angalia vizuri nini kilitokea pale. Walioshinda waliangalia watu wanafanya nini tayari. Hawakulala na kuota.

Mufano wa pili unatufaa zaidi. Su Kahumbu, mukulima wa Kenya, hakuwa mutengenezaji wa programu. Alijua kwamba wafugaji wadogo wanapoteza maziwa kwa kukosa kushika tarehe za ng'ombe. Akafanya iCow, kalenda ya ng'ombe inayokuja kwa ujumbe mufupi, hata ndani ya telefone ndogo ya kubonyeza. Mwaka 2010 ilipata zawadi ya kwanza ya Apps4Africa. Teknolojia yake ilikuwa nyepesi. Ujuzi wa ng'ombe njo ulikuwa muzito.

Kamina pia iko na ujuzi wake, na mutu wa Kinshasa hana. Sisi tuko ku njia panda ya reli: moja inatoka Lubumbashi, moja inakwenda Kananga mpaka Ilebo, moja inakwenda Kabalo na Kalemie. Treni ikichelewa siku mbili, mama mwenye mananasi anafanya nini? Nanasi haingoje. Nani anajua treni imefika wapi? Leo habari hiyo inapita kwa telefone ya mutu anayejua mutu ku gare. Hapo kuna kitu. Kuna pia butike ya mutaa inayotoa vitu kwa deni na kuandika kwa daftari ambalo mvua inalinyeshea. Kuna masomo ya watoto, fasi wazazi wanalipa kidogo kidogo na kila mwisho wa mwezi kuna kelele juu ya nani alilipa nini. Kuna farmasi ambayo haijui dawa gani inakaribia kuoza. Kuna likelemba za wamama.

Tuchukue daftari la deni, juu njo kazi ya kwanza inayomufaa mwanafunzi. Inahitaji orodha ya wateja, kiasi, tarehe, na kitufe cha kuandika "amelipa". Hakuna reso inayohitajika: kila kitu kinakaa ndani ya telefone, ndani ya sanduku la habari linaloitwa SQLite, ambalo liko tayari ndani ya kila Android. Ukiifanya utajifunza karibu yote ambayo kampuni itakuomba baadaye. Na maneno ya vitufe uyaandike jinsi mama wa butike anavyosema yeye, kwa Kiswahili cha hapa ao kwa Kiluba, si Kifaransa cha biro. Mukae naye siku moja nzima mbele ya kuandika mustari wa kwanza. Utaona mambo ambayo hukuyazani: kwa mufano watu watatu wana jina moja, na yeye anawatofautisha kwa jina la mutoto wao wa kwanza. Kwa hiyo fasi ya jina moja tu haitoshe.

Jambo moja la hapa kwetu tulisisitize. Vijana wengi wanapenda aplikasio za ramani. Base ni kambi la jeshi. Usichore ramani yake, usipige picha za majengo na uwanja, usiweke fasi za kambi ndani ya aplikasio hata kama ni ya kuleta chakula. Anza kuhesabu toka muji na mitaa ya raia.

Aplikasio ikishatoka mukononi mwako

Kwetu aplikasio mara mingi haipite kwa duka la Google. Inapita kwa Bluetooth ao WhatsApp, faili ya APK toka telefone mpaka telefone, na kwa Bluetooth haikule mega. Ni njia nzuri ya kuanza. Lakini iko na shimo moja kubwa.

Kila APK inafungwa na saini, na saini hiyo inatoka kwa faili ya funguo ambayo unaitengeneza mwenyewe. Siku utaleta toleo jipya, telefone inaangalia kama saini ni ile ile. Ukipoteza funguo, mashine imeibwa, diski imekufa, telefone ya muteja itakataa toleo jipya mpaka afute la zamani. Akifuta la zamani, madeni yote aliyoandika ndani yanaondoka nalo. Mama amekuamini na daftari lake la miezi minane, na sasa hajui nani anamudai nani. Weka nakala za funguo fasi tatu, na neno lake la siri uliandike kwa karatasi nyumbani. Na mbele ya kumupa mutu wa kwanza aplikasio, weka ndani kitufe cha kutoa nakala ya habari zote.

Pesa

Watu wanauliza: pesa inatoka wapi? Kwa duka la Google, karibu hapana. Wateja wetu hawana kadi ya benki; wanalipa kwa telefone ao kwa mukono. Njia inayoeleweka ni muteja akulipe kidogo kila mwezi. Tuseme butike 10, kila moja franka 5.000: ni franka 50.000 kwa mwezi. Toa mega, toa safari za kuwafikia, toa wawili ambao hawatalipa. Kinachobaki hakilishe nyumba. Kwa hiyo usiache shamba, usiache kazi, usiache masomo. Fanya masaa mawili kila siku kwa mwaka mumoja, na uone. Masomo ao farmasi wanaweza kulipa zaidi ya butike, lakini wanauliza maswali mingi zaidi, na wana haki.

Ukitaka muteja alipe moja kwa moja ndani ya aplikasio, kampuni za telefone zinaomba mukataba na kampuni iliyoandikishwa. Wako watu wa katikati wanaosaidia kuunga malipo hayo. Mumoja wao, Maishapay, alianzia Lubumbashi, si Ulaya. Mwanzoni, muteja atume pesa kwa numero yako na wewe uandike numero ya malipo. Inatosha kwa watu 10.

Kuna pia njia ingine ambayo haiitwe startapu na watu wanaizarau bure: kutumika kwa kampuni. Muji ya mikodi sawa Kolwezi na Lubumbashi, mabenki, mashirika, wote wanahitaji watu wanaoandika programu, na kule kazi iliyofanyika, inayoonekana ku GitHub na kwenye telefone za watu, inaongea kwa sauti pamoja na diplome. Mutu mwenye aplikasio moja inayotumiwa na butike 10 za Kamina yuko na kitu cha kuonyesha. Kujiunga na wengine pia kunasaidia: INPP, ambayo toka 1964 kazi yake ni kufundisha ufundi wa kazi, na Kinshasa nyumba sawa Silikin Village zinazokutanisha wenye startapu.

Kwa upande wa sheria, mambo matatu. Kongo iko ndani ya OHADA toka 2012, na sheria zake zinamujua mutu anayeitwa "entreprenant", mufanyakazi mudogo anayejitangaza tu kwa daftari la biashara bila kuunda kampuni nzima. Kwa kuanzia inafaa. Ukitaka kampuni, ni Guichet Unique. Kisha kuna ordonnance-loi numero 22/030 ya tarehe 8 mwezi wa 9 mwaka 2022 juu ya biashara ndogo na startapu. Uisome mwenyewe mbele mutu hajakulipisha kukuelezea. Na kuna Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inayolinda habari za watu. Majina, numero za telefone na madeni ya majirani ni habari za watu. Kuonyesha rafiki nani anadaiwa ngapi mutaani si muchezo, ni kosa.

Jihazari na wale wanaouza "formasio" ya wiki mbili kwa dola mia na cheti chenye rangi. Masomo ya kweli ni yale tuliyotaja juu, bure. Mutu anayeomba ulipe kwanza ili akupe kazi ya kode kutoka ngambo, huyo ni mwizi.

Siku ya Google Play

Ukifika pale unataka aplikasio yako iwe ndani ya Google Play, kuna dola 25, zinalipwa mara moja tu, na zinaomba kadi ya Visa ao Mastercard. Kadi ya kujaza mbele, Google haiikubali. Lakini ugumu haiko pale. Toka mwisho wa 2023, mutu anayefungua konto yake binafsi lazima aonyeshe kwanza kwamba watu wamejaribu aplikasio yake. Mwanzoni ilikuwa watu 20. Toka mwezi wa 12 mwaka 2024 ni watu 12, kwa siku 14 mufululizo, bila kutoka.

Watu 12 wenye telefone za Android, wenye konto ya Google wanayokumbuka neno lake la siri, wanaokubali kubaki ndani ya jaribio siku 14. Koro ya kanisa, timu ya mupira ao darasa la zamani inaweza kukupa hao. Tafuta 16, juu mumoja atabadilisha telefone, mumoja atafuta kila kitu kwa kutafuta fasi ya picha, na wawili watasahau. Uwasaidie kuingia mumoja mumoja, ukikaa karibu nao, na uwape mega za kushusha. Weka aplikasio yako iwe ndogo, giga haziko za kuchezea. Kila siku uulize mumoja nini kimemusumbua na uandike, kwa sababu Google, siku ya 15, itakuuliza kwa maandishi ulijifunza nini kwa wale watu na ulibadilisha nini.